Visa ya ndoa sio makaratasi, mi miezi minne imenila maelfu ya pauni

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum na poleni na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, zamani Tanga nilikua nalisoma gazeti hili kwa kuazima kwa muuza magazeti mpaka anakasirika, siku hizi nalisoma kwenye simu wakati wa breki, hapa Coventry Uingereza nnakobeba boksi. Wiki mbili nyuma mlitoa barua ya msomaji mmoja anayelalamika kwamba vijana wanakimbilia kuoa na kuolewa na raia wa nje kwa sababu siku ya ndoa tu mtu anakua keshapata makaratasi ya kuishi huko. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika, maana mi ndo huyo kijana anayemsema na makaratasi yenyewe nimeyapata kwenye mwaka wa sita tangu ndoa na nusura niyakose kwa ujinga wangu mwenyewe.

Nijitambulishe vizuri. Mi ni mume wa kuletwa. Mke wangu Mtanzania mwenzetu kwa asili, alikuja huku mdogo na wazazi wake, ana pasi ya Uingereza na kazi ya uuguzi, tukaoana Tanga kwa ndoa ya msikitini, tukafuatilia cheti mpaka RITA, ofisi ya usajili ya serikali kule nyumbani, tukapima kifua kikuu, nikafanya mtihani wa Kiingereza wa kuongea na kusikiliza, mengine wenye ndugu zao huku wanayajua. Julai 2019 nikatua na visa ya ndoa. Vijana wa kijiweni walishasema ohoo jamaa kaolewa, na mi nilikua najibu kwa mzaha lakini mzaha wenyewe ulikua unauma, na hilo la kuuma ntalirudia maana lilikuja kunigharimu kwenye fomu.

Sasa hesabu. Ukiombea visa ya ndoa ukiwa nje ya Uingereza unapewa miezi 33, yani miaka miwili na miezi tisa. Ikikaribia kuisha unaongeza, unapewa miezi 30. Jumla 63. Ukaazi wa kudumu, ambao wabongo wa huku tunauita indefiniti, unaombwa ukishatimiza miaka mitano yani miezi 60, na fomu unaruhusiwa kuituma siku 28 kabla ya kutimiza, sio zaidi. Kwahiyo ukitoa 60 kwenye 63 unabaki na miezi mitatu ya kupumulia. Miezi mitatu tu! Mtu aliyepata visa akakaa kwao Dar au Mombasa miezi minne mitano anasubiri harusi ya mdogo wake ndo asafiri, huyo tayari keshaila ile akiba yote, kwa sababu hesabu ya miaka mitano inaanza siku uliyoingia Uingereza, haianzi siku visa ilipogongwa wala siku ya ndoa.

Mi sikuchelewa kuingia. Mi nilikosea upande wa pili, niliwahi. Mwaka 2021 tulikua tunasikia kila mahali ada zinapanda, kila mwaka zinapanda, na kulikua na mjuaji mmoja mtaani kwetu huku anajaza watu fomu mezani kwake kwa pauni mia mbili, akaniambia shemeji usisubiri, wahi mapema, lipia na huduma ya haraka ukae na amani. Nikawahi. Nikaomba nikiwa na miezi 26 tu, jibu likarudi haraka kama tulivyolipia, tukafurahi tukala biriani, mama mkwe akapiga simu kupongeza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa chini akaangalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye ile kadi ya visa. Miezi 30 ya nyongeza huwa haiungwi kwenye mwisho wa visa ya zamani, inaanza kuhesabiwa siku wanayokubali ombi, na kile kilichobaki kwenye visa ya mwanzo wanakuachia siku zisizozidi 28 tu, zilizobaki zinapotea hewani. 26 na 30 ni 56. Visa inaisha Machi 2024 wakati miaka mitano natimiza Julai 2024, na hata hizo siku 28 hazizibi lile pengo.

Nimekuja kuligundua hilo Januari 2024, usiku, mama watoto yuko shifti, mi naandaa makaratasi ya indefiniti kwa raha zangu. Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena kwa kalenda ya ukutani. Nikampigia mke wangu kazini, akaniambia subiri breki, alivyorudisha simu nikamwambia akanyamaza muda mrefu afu akauliza, yule mjuaji tulimlipa shilingi ngapi vile?

Basi ikabidi niongeze visa mara ya pili, kitu ambacho mtu aliyehesabu vizuri hakifanyi. Na bahati mbaya ilivyo, tarehe 6 Februari 2024 ile ada ya NHS, yani huduma ya afya ya serikali ya huku, ambayo mgeni anatozwa kwa kila mwaka wa visa ilikua imetoka pauni 624 ikaruka mpaka 1,035. Zidisha kwa miaka miwili na nusu, pauni 2,587 na senti hamsini, hapo bado ada ya fomu yenyewe ambayo ni zaidi ya elfu moja. Nimelipia afya ya miaka miwili na nusu nikaitumia miezi michache, maana Julai hiyohiyo nikaomba indefiniti kwa pauni 2,885 (ya indefiniti haina ada ya afya, shukrani kwa hilo) na ile ya kwanza hairudi. Tulikua tunaweka hela ya kumalizia nyumba ya bi mkubwa pale Tanga. Mabati yalisubiri mwaka mzima na mvua za masika haziwezi kuambiwa subiri Home Office, wizara ya huku inayotoa visa. Na wanaoomba sasa wasidhani nawatisha kwa bei za zamani, Aprili 2025 indefiniti ilipanda tena ikawa pauni 3,029 kwa kichwa kimoja.

Yule mjuaji nilimfuata. Akasema sheria ilibadilika. Haikubadilika kitu bana, ilikua hivyohivyo tangu mwanzo. Baadae ndo nikajua kwamba Uingereza mtu kukupa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai, awe wakili kamili au awe ameandikishwa kwenye mamlaka inayosimamia washauri, zamani ikiitwa OISC na tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority, na rejista yao iko wazi onlaini, unaandika jina unaona yupo au hayupo. Mi sikuangalia. Tunaaminiana kwa sababu mtu anaongea Kiswahili na tumeswali nae safu moja, sa hapo utamuuliza leseni vipi?

Nirudi kwenye ile ya kuuma. Home Office hawaangalii tu kwamba mna cheti, wanataka ushahidi kwamba mnaishi pamoja, na ushahidi wao ni barua. Barua sita kutoka sehemu zisizopungua tatu tofauti, zimetawanyika ndani ya miaka miwili sio zote za mwezi mmoja, zikiwa na majina yenu wote wawili, au kama sio hivyo basi kila mmoja awe na zake kwenye anwani ileile. Kodi ya kaunsili (halmashauri ya mji), benki, maji, umeme na gesi, daktari, mkataba wa nyumba. Picha za harusi hazina kazi sana hapo, mtu ana albamu nzima ya kwenye ukumbi na keki ya ghorofa lakini hana bili ya maji.

Sasa angalia nyumba yetu. Mke nilimkuta hana shida, nyumba kapanga yeye, umeme jina lake, gesi jina lake, intaneti jina lake, kaunsili jina lake. Mi nikifika mwisho wa mwezi namtumia hela kwenye akaunti yake nusu kwa nusu, kimyakimya, na nilikua naona hivyo ndo heshima, maana sikutaka kumwambia niandike na mimi ikaonekana mume wa kuletwa anataka kujimilikisha nyumba ya watu. Yeye nae hakusema, akidhani nikiongezwa kwenye bili ntaona ananibana hela. Miaka miwili watu wanapendana wanalala kitanda kimoja lakini kwa macho ya serikali huyu mwanaume hayupo kwenye nyumba hii! Mwaka 2021 tuliponea kwa barua za daktari na za benki. Baada ya hapo ndo tukakaa sebuleni tukapiga simu moja baada ya nyingine, kaunsili wakaniongeza kwa dakika kumi, kampuni ya umeme ikachukua siku mbili, lendilodi akaandika mkataba upya. Kwahiyo kumbe yale niliyokua naona aibu kuyaomba ilikua ni simu tu, hakuna aliyenicheka.

Na wanawake walioletwa na waume zao hili linawakuta zaidi kuliko sisi, ntalisema hapo chini.

Mitihani sina mengi. Kiingereza kwangu kilipanda ngazi, kuja A1 ambayo ndo ya chini, kuongeza A2, indefiniti B1, na Mtanzania hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu fomu wani mpaka fomu siksi haikusaidii, labda uwe na digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza na ithibitishwe na chombo chao kinachoitwa Ecctis. Hawa watu wametutawala mpaka 1961, wametuachia mpaka mfumo wa mitihani, leo wanauliza je unaweza kuagiza chai. Haya. Ule mwingine ni Life in the UK, mtihani wa historia na maisha ya huku, maswali 24 dakika 45, upate 18, pauni 50 kila unapokaa, ukishafaulu haufi, hata miaka ikipita ni halali. Mi na mke mmoja nimekariri wake sita wa mfalme wao wa zamani Henry VIII, nani katalikiwa, nani kakatwa kichwa, nani kafa kwa uzazi, nimekariri kwenye basi ya asubuhi kuelekea godauni mpaka jamaa wa Kisomali tunaekaa nae siti moja akawa ananihoji. Nilifaulu mara ya kwanza. Mke wangu aliyezaliwa Unguja akakulia hapa akajaribu maswali ya mazoezi akapata 13, hilo namkumbusha kila tukigombana.

Ila kuna kitu kinasumbua watu kuliko mitihani, nayo ni maneno ya mtaani. Aprili 2024 kipato cha chini cha kumleta mwenza kilipopanda kutoka pauni 18,600 kwa mwaka kwenda 29,000, msikitini kwetu ilikua kama msiba. Kuna jamaa alianza kufikiria kurudi nyumbani na familia. Na kumbe ile 29,000 ni ya wanaoanza upya kuanzia tarehe 11 Aprili 2024, aliyekua tayari ndani ya njia hii na mwenza yuleyule anaendelea na 18,600 yake mpaka indefiniti. Tena ukishakua ndani ya nchi na visa yako inakuruhusu kazi, mshahara wako unajumlishwa na wa mwenzako, sio mpaka yeye peke yake afikishe. Mei 2025 tena serikali ikatoa waraka wa kusema ukaazi wa kudumu kwa kawaida utoke miaka mitano uende kumi, simu zikaanza kulia usiku, na kwenye waraka huohuo waliandika kwamba wenza wa raia wanabaki kwenye mitano. Watu wanasoma kichwa cha habari tu kwenye grupu la WhatsApp, wanakosa usingizi, halafu wanakimbilia kwa mjuaji na yeye anafurahi.

Kingine kidogo: ukituma ombi kabla visa haijaisha, unaendelea kuwa halali na kazi yako kwa masharti yaleyale mpaka wajibu, hata tarehe ya kadi ikipita. Mi bosi mmoja alitaka kunisimamisha kwa sababu kadi imeisha Machi, nikamwomba aulize Home Office onlaini kwenye huduma yao ya waajiri, akapata jibu lake, nikarudi kwenye boksi zangu. Ukichelewa siku moja lakini hadithi inakua nyingine kabisa.

Sasa hili la dada zetu. Nawajua wawili, siwataji, walioletwa na waume na wakaambiwa kila siku ukileta jeuri nafuta visa yako unarudi Tanzania na begi lako. Pasi kafungiwa kabatini, akaunti ya benki hana, jina lake haliko popote nyumba nzima, hata simu iko kwa jina la mume. Na visa ya ndoa imeandikwa huna haki ya misaada ya serikali, kwahiyo anaona akitoka usiku ule atalala barabarani na kesho atakamatwa. Mume hana kitufe cha kufuta visa nyumbani kwake. Anaweza kwenda kusema ndoa imevunjika na Home Office wanaweza kuifupisha, ni kweli, lakini aliyenyanyaswa na mwenza ambae ni raia au ana ukaazi wa kudumu ana njia yake kwenye sheria: anaomba kibali cha miezi mitatu kinachomruhusu kupata misaada hiyo, ndani ya muda huo anaomba ukaazi wa kudumu kama mhanga wa manyanyaso, bila kungoja miaka mitano, bila mtihani wa Kiingereza wala wake wa Henry. Asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe ada. Manyanyaso sio kipigo tu, kunyimwa hela na kufungiwa pasi yamo. Na pasi yenyewe ni mali ya serikali ya Tanzania, sio mali ya mume. Mmoja wa hao dada alikaa miaka mitatu hajui, mwingine alijua kwa sababu nesi wa kliniki ya wajawazito alimuuliza yeye, mume akiwa amebaki nje. Vilevile mwenza wako akifariki, Mungu aepushe, hufukuzwi, kuna ombi lake la ukaazi wa kudumu la mfiwa.

Ndo maana nikasema lile la bili sio la wanaume wa kuletwa tu. Mwanamke ambae jina lake liko kwenye kodi ya kaunsili ana kitu cha kushika mkononi.

Indefiniti yangu ilitoka vuli ya 2024, barua pepe, mistari michache. Kadi nayo nikapewa lakini ikawa na maisha mafupi maana karibu kadi zote ziliandikwa mwisho wake 31 Desemba 2024, sasa hivi kila kitu ni visa ya mtandaoni, na ukibadilisha pasi ya Tanzania lazima uingie kwenye akaunti uandike namba mpya, la sivyo unasimama kaunta ya ndege pale Dar unaambiwa hatukuoni kwenye mfumo. Ukaazi wenyewe wa kudumu nao una masharti, ukikaa nje ya Uingereza miaka miwili mfululizo umekufa. Nimeshaulizwa mara ngapi kwanini sichukui uraia, mwenye mke raia anaruhusiwa kuomba mara tu akipata indefiniti. Wakenya wenzetu hapa wanachukua bila wasiwasi tangu katiba yao ya 2010, pasi mbili mfukoni. Mi nikichukua napoteza Utanzania wangu na kiwanja cha bi mkubwa kina jina langu. Hiyo ni barua nyingine Mhariri, mkinipa nafasi ntaiandika.

Nilichokua naomba ni kimoja, mkitoa tena barua za watu wanaosema ndoa ni makaratasi basi mtoe na hii, maana kuna binti au kijana sa hizi yuko Tanga au Morogoro ana visa kwenye pasi na anaahirisha safari mpaka baada ya sikukuu, na kuna mwingine kashafika anatuma hela kimyakimya kwenye akaunti ya mwenzake. Hao wachukue kalenda leo waandike tarehe ya kuingia ukutani.

Nimempa mke wangu aisome kabla sijatuma. Kasema iko ndefu, na kwamba nimejisifu sana kwenye ule mtihani. Halafu akaniuliza mbona sijaandika kwamba bili ya maji mpaka leo iko kwa jina lake peke yake. Nikaenda kuangalia kwenye droo. Ni kweli. Jumatatu nawapigia.

Wasalaam,
Mume wa kuletwa,
Coventry